Neno la Sarandibu na Dodo la Mwarobaini

Walimu wenzangu, katika zoezi la tafsiri nililowapa wanafunzi wangu wa kidato cha tano hapa Uganda, palikuwa na neno moja la Kiingereza lisilotumika kila siku: «serendipity». Jibu nililokuwa nimeliandaa lilikuwa «bahati njema». Wengi waliandika hivyo wakapata alama zote tatu. Mmoja aliandika «bahati nasibu», nami nikamkosoa, kwani bahati nasibu ni mchezo wa kununua tiketi na kungojea namba. Mwingine aliandika «kuokota dodo chini ya mwarobaini». Huyo nilimpa sifuri. Nilidhani anafanya mzaha.

Sasa naona kwamba aliyestahili sifuri ni mwalimu. Ili nieleze sababu, hapana budi tulifuate neno lenyewe hadi lilikozaliwa.

Maneno mengi hayajulikani yalitungwa na nani. Hili lajulikana hata siku yake. Lilitungwa na mwandishi Mwingereza, Horace Walpole, katika barua aliyomwandikia rafiki yake Horace Mann tarehe 28 Januari 1754. Alilichukua kutoka katika jina la Serendip, yaani Sarandibu, jina ambalo Waarabu na Waajemi walikiita kisiwa tunachokijua leo kama Sri Lanka. Wapenzi wa hadithi za Sindbad Baharia watakumbuka kwamba alifika huko katika safari yake ya sita. Kwa hiyo neno tunalolipokea kama geni kutoka Ulaya lina asili katika bahari hii hii inayopiga pwani ya Waswahili.

Walpole alikuwa amesoma hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Sarandibu, iliyopigwa chapa kwa Kitaliano mjini Venice mwaka 1557. Katika hadithi hiyo vijana hao wanakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Wanamwambia kwamba ngamia wake ni chongo, ana pengo, na anachechemea. Tena amebeba siagi upande mmoja na asali upande wa pili. Kwa kuwa hawajamwona mnyama huyo kwa macho yao, wanashtakiwa wizi na kufungwa. Ngamia anapopatikana ndipo wanapoeleza: majani yalikuwa yameliwa upande mmoja tu wa njia, ingawa upande wa pili yalikuwa mazuri zaidi, vipande vya majani yaliyotafunwa vilikuwa vimedondoka kwa ukubwa wa jino, unyayo mmoja ulikuwa umeburutwa, sisimizi walikusanyika upande wa siagi na nzi upande wa asali.

Hapa ndipo ninapotaka kumhakiki Walpole. Kwanza, kumbukumbu yake haikuwa imara: katika barua yake ngamia amegeuka kuwa nyumbu. Pili, hadithi aliyoichagua haifundishi bahati hata kidogo. Inafundisha kutazama na kukata shauri kwa dalili. Lakini Walpole hakusema kwamba neno lake ni bahati tupu. Alitaja mambo matatu: tukio lisilopangwa, busara ya mtu, na kukipata kitu ambacho hakikuwa kikitafutwa. Waliokuja baadaye ndio walioiacha busara njiani, wakalitumia neno kwa kila jambo jema linalomwangukia mtu. Nami, kwa jibu langu la «bahati njema», nilikuwa mmoja wao.

Tuyapime basi maneno yetu kwa mizani ya mambo hayo matatu. «Bahati» na «sudi» humjia hata aliyelala. «Majaliwa» humrudishia Mungu kila kitu. «Sadfa», neno tulilozoea kulitumia katika uhakiki wa riwaya, lina maana ya matukio mawili kukutana bila kupangwa. Nikikutana na mjomba wangu sokoni bila miadi, hiyo ni sadfa. Wala haikuhitaji akili yangu. «Ngekewa» linakaribia, lakini nalo halidai jicho kali.

Na dodo la mwarobaini je? Usemi huu unabeba mambo mawili kati ya matatu. Aliyekwenda chini ya mwarobaini hakwenda kutafuta embe, wala mti ule hauzai embe. Ila dodo likiwa chini, yeyote apitaye ataliona na kuliokota. Busara haimo.

Upungufu huo waonekana tukitazama mfano mashuhuri wa penisilini. Mwezi Septemba 1928, Alexander Fleming alirudi kutoka likizo katika maabara yake ya hospitali ya St Mary's, London. Katika kisahani kimoja cha bakteria alikuta kuvu imeota, na kandokando ya kuvu hiyo bakteria wamekufa. Mtu mwingine angelikitupa kisahani kilichoharibika. Fleming alikitazama mara ya pili. Kazi ya kuifanya penisilini kuwa dawa ilikamilishwa na wengine, na mwaka 1945 yeye, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Kuvu ilianguka yenyewe. Kuiona maana yake hakukutokea kwenyewe. Wahenga wetu walisema: mwenye macho haambiwi tazama.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika maandishi ya sayansi tuseme «uvumbuzi wa sadfa», maana kitenzi «kuvumbua» chadai mtu mwenye kutambua alichokipata. Katika maandishi ya kawaida tuseme «ngekewa ya mwenye macho». Sioni haja ya kulichukua neno la Kiingereza na kulibandika irabu mwishoni.

Jambo hili si dogo kwetu tunaofundisha mbali na mwambao. Wanafunzi wetu wengi huanza na «omukisa» wa nyumbani, wakapitia Kiingereza, ndipo wafike kwenye Kiswahili. Tukiwapa neno moja la jumla kwa kila fikra nzito, watatoka darasani wakiamini kwamba Kiswahili ni lugha maskini, kumbe umaskini ni wa jibu la mwalimu.

Nimemwita mwanafunzi yule nikamrudishia alama mbili kati ya tatu. Aliniuliza ile ya tatu imekwenda wapi. Nilimjibu kwamba ni ya busara, na kwamba mimi nayo sikuipata. Mwalimu mwenye neno bora kuliko haya yangu na aliandike, tulisome hapa.