Mkwara wa Moneymaker: mchezaji wa mtandaoni anapoketi mezani

Machi 2020, Rwanda ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, umati ulitoweka Petite Barrière, njia ya waenda kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma ambayo kabla ya hapo ilivusha makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Malori ya mizigo yaliendelea kupita mpakani. Wafanyabiashara wadogo, wengi wao akina mama, wakajiunga katika vikundi, wakachanga nauli ya lori na kuagizana kwa simu na wenzao wa ng'ambo. Mama aliyezoea kumsoma mteja usoni, akajua kama ana haraka au kama fedha anayo kweli mfukoni, alibaki na sauti tu na kumbukumbu: huyu safari iliyopita alilipa lini, aliahidi nini, alichelewa kiasi gani. Watu hawakuruhusiwa kuvuka kama zamani hadi Machi 2022.

Poka ya mtandaoni na poka ya mezani nazo zinaachana hapo hapo, kati ya uso na kumbukumbu. Mezani unamwona mwenzako. Mtandaoni unaona dau lake na muda aliotumia kuliweka, basi. Wachezaji wengi wa ridhaa wanaamini ubingwa uko machoni: kidole kinachotetemeka, mate yanayomezwa. Safu hii inaamini vingine, na ushahidi wake mkubwa ni duru moja ya karata iliyochezwa Mei 2003 katika kasino ya Binion's Horseshoe, Las Vegas.

Chris Moneymaker, na hilo ndilo jina lake halisi, alikuwa mhasibu wa miaka 27 kutoka Tennessee. Kiingilio cha shindano kuu la World Series of Poker kilikuwa dola 10,000. Yeye alikipata kwa kushinda mchujo mdogo kwenye tovuti ya PokerStars uliomgharimu dola 86. Mashindano ya mezani hakuwa amewahi kuyacheza. Washiriki walikuwa 839, na mwishowe wakabaki wawili: yeye na Sammy Farha, mchezaji wa kulipwa mzaliwa wa Beirut, mtu wa maneno mengi, sigara isiyowashwa mdomoni.

Kwa asiyeujua mchezo: kila mmoja hupewa karata mbili za siri. Katikati hufunuliwa karata tano za wote, kwanza tatu, kisha moja, kisha moja. Kila hatua ina nafasi ya kuweka dau, kulipandisha, kulilipia au kutupa karata. Anayebaki peke yake huchukua kitita bila kuonyesha alichonacho. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayoupa nafasi mkwara, yaani dau la mtu asiye na karata nzuri anayetaka mwenzake atupe zake.

Moneymaker alishika mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Farha alikuwa na malkia wa shupaza na tisa ya kopa. Zikafunuliwa tisa ya shupaza, mbili ya uru na sita ya shupaza. Farha sasa ana jozi ya tisa, Moneymaker hana kitu. Wote wakapitisha bila dau. Karata ya nne ikaja nane ya shupaza. Farha akaweka 300,000, Moneymaker akapandisha hadi 800,000, Farha akalipia.

Hapo ndipo pa kukaa na kalamu. Watazamaji wengi hukumbuka dau la mwisho, lakini kazi ilifanyika hapa. Moneymaker alikuwa na shupaza nne kati ya tano zinazohitajika, na kwa sita, saba, nane na tisa alikuwa na mfululizo wa karata nne. Shupaza 9 zilizobaki zingemkamilishia rangi, yaani karata tano za aina moja. Tano au kumi zisizo shupaza, jumla 6, zingemkamilishia mfululizo. Hizo ni karata 15 kati ya 46 ambazo yeye hakuwa ameziona, karibu theluthi moja. Kwa hiyo lile dau la 800,000 lilikuwa na njia mbili za kushinda: Farha atupe karata, au karata ya tano imwokoe. Hesabu ya namna hiyo haihitaji kumtazama mtu usoni, na mchezaji wa mtandaoni huirudia mara nyingi kila siku hadi inakuwa mazoea.

Karata ya tano ikawa tatu ya kopa. Haikumsaidia hata kidogo. Farha akapitisha, naye Moneymaker akasukuma chipu zake zote mbele.

Mkwara wenye ukubwa sawa na kitita lazima ufaulu mara 1 kati ya 2 ili mchezaji asipoteze, na ukizidi kitita unadai zaidi. Raundi iliyotangulia peke yake ilikuwa imeingiza chipu milioni 1.6. Farha alifikiri kwa muda mrefu, akamsemesha mpinzani wake, akataja kabisa uwezekano kwamba shupaza hazikutimia. Alikuwa amepatia. Moneymaker, kofia kichwani na miwani myeusi machoni, hakujibu wala kutikisika. Farha akatupa jozi yake ya tisa.

Kwa nini? Kwa sababu madau yalisimulia kisa kimoja kisicho na ufa. Shupaza ya tatu imefunuliwa, mhasibu amepandisha dau. Karata ya mwisho haikubadili kitu, naye ameendelea na msimamo ule ule. Mtu mwenye rangi iliyokamilika angecheza hivyo hivyo. Kofia na miwani vilimpeleka Farha mtandaoni, mahali ambapo mhasibu alikuwa amezoea na yeye hakuzoea. Muda mfupi baadaye Moneymaker alishinda ubingwa na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata washiriki walikuwa 2,576.

Faida nyingine ya mtandao ni mwendo. Mezani, mgawaji hutoa duru 25 hadi 30 kwa saa. Kwenye skrini ni zaidi ya maradufu, tena mtu anaweza kufungua meza kadhaa kwa pamoja. Ila kasi hiyo hiyo humfilisi haraka asiyejua hesabu, na kila duru mwenye meza hukata chake.

Januari 2017 hoja ya uso ilipata pigo lingine. Programu ya Libratus, iliyoundwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika duru 120,000. Haina macho. Ilichokuwa nacho ni madau tu.

Hata wezi wa mtandaoni walinaswa kwa kumbukumbu. Mwaka 2007 wachezaji wa tovuti ya Absolute Poker walipata faili la shindano zima likiwa na karata za kila mtu. Walipolipitia waligundua akaunti moja iliyocheza kana kwamba inaziona karata za wenzake, na kweli ilikuwa inaziona, kupitia mtu wa ndani. Mezani wizi wa aina hiyo ungehitaji mgawaji mhalifu au karata zilizotiwa alama. Mtandaoni ulihitaji nenosiri tu, na hilo ni jambo la kuogopa kwa dhati.

Kwa msomaji wa Rubavu anayevutiwa na mchezo huu, hesabu ya kwanza ni ya serikali: mabadiliko ya kodi ya mwaka 2025 yalipandisha kodi ya zuio kwenye ushindi wa michezo ya bahati nasibu nchini Rwanda kutoka asilimia 15 hadi 25. Hesabu ya pili ni kwamba mwaka ule wa Moneymaker watu 838 waliondoka bila ubingwa, wengi wao bila hata senti. Anayetaka kujifunza na aanze na meza za bure, aandike kila duru kwenye daftari: karata alizoshika, dau la kila hatua, na kisa ambacho madau yake yalimweleza mpinzani. Fedha ya mtaji wa duka asiiguse.