Mizani ya Mzaha

Kanda yetu ya kwanza tuliirekodi juu ya kwaya ya mama. Vile vitundu viwili vya juu tuliviziba kwa karatasi iliyotafunwa, tukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, tukaanza kupiga kelele. Ilikuwa Mabatini, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mtaa mzima ulikuwa umeugua ugonjwa mmoja: wimbo wa "Mi Mmasai" wa Mr. Ebbo. Ukiukosa redioni utaukuta kwenye daladala ya Igoma, na ukishuka Kirumba, pale mwaloni, utamkuta mchuuzi wa dagaa anauimba huku akipima kwa kopo.

Wakubwa walisema ni upuuzi. Sikubishana nao wakati ule, maana nami niliupendea upuuzi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba nilikuwa nasikiliza kazi ya fundi.

Anza na jina tu. "Mimi" ina silabi mbili, "mi" ina moja. Neno likikatwa hivyo, mwimbaji anabakiwa na nafasi tupu juu ya mdundo: avute pumzi hapo, au asubiri kidogo tu ili neno linalofuata lidondoke vizuri. Halafu kuna ngeli. Anayeigiza Kiswahili cha Mmasai bila kujua huvuruga kila kitu, na kikivurugika chote hakuna anayecheka, kwa sababu hakuna kilichonyooka cha kulinganishia. Fundi huchagua. Ataacha sentensi mbili zipite salama, kisha ya tatu aipinde mahali pamoja, na akishaipinda namna hiyo ataipinda vilevile hadi mwisho. Kosa linakuwa na sarufi yake.

Naye hakuwa mgeni wa alichokiimba. Mr. Ebbo, yaani Abel Loshilaa Motika, aliyefariki Desemba 2011, alikuwa Mmasai kwelikweli. Ndiyo maana mtu wa ndani ya wimbo ule haombi kuhurumiwa. Anajivunia mila zake kwa sauti kavu kabisa, na ukisikiliza vizuri unaanza kuhisi kwamba anayechekwa ni wewe wa mjini uliyeziacha zako.

Hiyo sauti kavu ndiyo iliyotushinda. Sisi tulitaka kutoa toleo la Kisukuma. Malighafi tulikuwa nayo nyumbani: Msukuma wa kijijini hana shida na "l", ila "r" humponyoka, kwa hiyo barabara inakuwa "balabala". Na ona bahati ilivyo: silabi hazipungui wala haziongezeki, vina havitikisiki, unabadilisha herufi tu na mzaha umesimama. Rahisi mno, tulidhani. Lakini kila tulipokaribia lile neno, mmoja wetu alianza kucheka kabla. Tulirudia mpaka betri zikalegea, tukazianika juani juu ya jiwe, tukarudia tena.

Babu yangu alikuwa amekuja kutibiwa mjini. Alitusikiliza toka asubuhi, mwisho akasema, "Wajukuu, mliona wapi mcheza na chatu anacheka?"

Alikuwa anazungumzia Bulabo, sikukuu ya ngoma inayofanyika Bujora, Kisesa, kila mwaka karibu na Juni. Kwa desturi ya mashindano ya Kisukuma, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Kura ni miguu ya watazamaji. Kwa hiyo waimbaji hutafuta kila kituko: chatu shingoni, fisi wa kufugwa, jembe la ngoma ya bugobogobo linalorushwa hewani na kudakwa, nyimbo za kuwakejeli wa upande wa pili, na dawa ya kuvuta umati, samba, kwa wanaoiamini. Umati ukikuchoka unauona mgongo wake papo hapo. Nadhani hakuna shule kali ya vichekesho kuliko hiyo, na babu alihitimu zamani. Aliniambia kwamba kituko humpeleka mtu upande wako mara moja tu, na baada ya hapo kinachombakiza ni ngoma kupigwa sawasawa. Nikirudi kwa Ebbo nalisikia jambo hilohilo. Ondoa lafudhi yote, mdundo bado umekaa sawa.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja mkimya, aliyehamia mjini kutoka vijijini Magu. Darasani alikuwa amechekwa siku alipotakiwa kusoma kuhusu uchaguzi akasema "kupiga kula". Tangu hapo hakunyoosha mkono. Jioni ile, betri zikiwa zimebakiza pumzi za mwisho, aliomba kujaribu. Tukamsogezea redio kaseti.

Alighani ubeti mmoja. Balabala, kula, kila neno mahali pake, wala hakukaza sauti. Hakuwa anaigiza, basi hakuwa na cha kumchekesha. Alipomaliza alibonyeza kitufe mwenyewe, akarudisha kanda nyuma, akaiacha icheze.

Tulicheka mpaka babu akatoka nje. Ubeti ukaisha, na kwaya ya mama ikaendelea kutoka katikati ya neno. Hakuna aliyeinuka kuizima.