Kizunguzungu kwa Kipimo

Uvimbe unaoota kwenye neva ya sikio la ndani kwa kawaida si saratani. Hukua taratibu, mara nyingi kwenye ule upande wa neva unaopeleka ubongoni habari za mwendo wa kichwa. Daktari anapoutoa, kwa saa nyingi chini ya hadubini, neva hiyo ya msawazo aghalabu hukatwa pamoja nao. Upasuaji huu husifiwa, na unastahili. Mimi namsifu anayepokea kazi baada yake: mtaalamu wa fiziotherapia.

Masikio mawili hutuma ishara muda wote, hata kichwa kikiwa kimetulia, na ubongo huzilinganisha. Ni mzigo wa mzega: ukiondoa upande mmoja, mwingine unavuta. Mgonjwa anazinduka amelala kitandani, lakini ubongo unasoma kwamba kichwa kinazungukia upande wa sikio zima. Macho yanachezacheza, chumba kinazunguka, anatapika. Dawa za kizunguzungu humtuliza siku za mwanzo. Zikiendelea mno, humchelewesha kupona.

Jijini London, miaka ya 1940, daktari wa upasuaji Terence Cawthorne na mwenzake F. S. Cooksey waliona kwamba wagonjwa waliojongeajongea mapema walipona upesi. Wakapanga mazoezi: macho kwanza, kisha kichwa, kisha kuketi, kurusha mpira, kupanda ngazi, macho wazi na baadaye yamefumbwa. Mazoezi yao yanatumika hadi leo.

Lakini orodha ya mazoezi haitoshi. Mtazame mtaalamu akiwa kazini. Ameshika kadi yenye herufi moja; mgonjwa anaikazia macho huku akitikisa kichwa kama anayekataa. Herufi ikibaki imetulia kabisa, ubongo haujapata kosa la kujirekebisha. Ikitikisika sana, kichefuchefu kinapanda, na hofu ya hali hiyo huenda ikamfanya mgonjwa asirudi kesho. Mtaalamu anatafuta kasi ambayo herufi ndiyo kwanza inaanza kufifia, kisha anamweka hapo. Ustadi wenyewe ndio huu: hamwondolei mgonjwa kizunguzungu, anampimia.

Halafu anamsimamisha juu ya sponji nene ili nyayo zisiwe na uhakika wa ardhi, na kumwambia afumbe macho. Yeye yuko nyuma, mikono karibu na kiuno cha mgonjwa, haigusi. Akimshika mapema, mwili unamwegemea yeye na somo limepotea.

Huko Lund, Sweden, mtafiti Måns Magnusson na wenzake walilileta somo hili kabla ya kisu. Kwa wagonjwa ambao sikio lenye uvimbe bado lilikuwa na uwezo wa msawazo, walidunga jentamisini nyuma ya ngoma ya sikio, dawa inayojulikana kwa kuua uwezo huo, na mazoezi yakaanza. Siku ya upasuaji ilipofika, ubongo ulikuwa umekwisha kujifunza kuishi bila sikio hilo. Naupenda sana ujasiri wa wazo hili.

Neva iliyokatwa hairudi kazini. Mgeuze mgonjwa kichwa ghafla kuelekea upande uliopasuliwa, hata miaka mingi baadaye, macho yatachelewa na kuruka kukifuata kitu alichokuwa akikitazama. Watafiti Halmagyi na Curthoys wa Sydney walikieleza kipimo hicho mwaka 1988. Ndiyo maana mtaalamu mzuri haridhiki na mgonjwa anayetembea vizuri ukumbini. Anamtoa nje kwenye njia ya changarawe, tena jioni, kwa sababu gizani macho hayamsaidii, na miguu yake lazima iwe imeshajua la kufanya.