Kuitambua Kalibu Bora ya Lateksi

Kalibu ya lateksi huhukumiwa kwanza kwa upande wake wa ndani. Wapenzi wa reli za mfano, ambao hupaka lateksi juu ya jiwe halisi ili kupata kalibu ya kumiminia majabali ya jasi, huigeuza ndani nje na kuitazama kwenye mwanga unaotoka ubavuni. Kinachotafutwa ni tabaka la kwanza, kwa kuwa ndilo linaloshika nyufa na chembe za jiwe. Mengine yote ni ya kulitegemeza. Likipakwa zito au kwa pupa, hunasa viputo vya hewa. Kila kiputo huacha kishimo kwenye kalibu, na kishimo huota chunusi kwenye jasi. Chunusi chache zinakwanguka. Zikitapakaa, kalibu haina thamani.

Rangi nayo husema mengi. Lateksi ambayo haikutiwa rangi kiwandani ni nyeupe ikiwa majimaji, na ikikauka huwa ya manjano yenye kupitisha mwanga kidogo. Mabaka meupe yanayobaki katikati ya unene ni maji yaliyofungiwa: tabaka la juu lilipakwa kabla la chini halijakauka.

Unene unaofaa hutokana na matabaka mengi membamba, mara nyingi kumi au zaidi, na shashi hulazwa katikati ya matabaka hayo. Shashi iliyowahishwa mno huchapa mfumo wa nyuzi zake usoni mwa jabali, kosa lisilofichika hata kwa rangi. Iliyozidishwa huifanya kalibu iwe ngumu kubanduka. Mtihani wa haraka ni kuivuta pembeni na kuiachia: nzuri hurudi palepale, mbaya hubaki imelegea. Ukingo uachwe mpana, maana mpasuko huanzia pale vidole vinaposhika.

Kalibu kubwa isiyo na ganda gumu la nje la kuiegemeza hutanuka kwa uzito wa jasi, na jabali hutoka na kitambi. Isitoshe, lateksi inayouzwa kwa kazi hii kwa kawaida ina karibu 60% tu ya yabisi. Maji yakitoka, hunywea. Kwa majabali hilo si neno. Kwa vipande vinavyopaswa kuoana, kama kuta za nyumba ya mfano, silikoni ni bora zaidi, ingawa ni ghali na hupasuka upesi.

Kalibu ya mitumba hukunjwa kwa nguvu na kutazamwa mgongoni mwa kunjo. Nyufa nyembamba ni alama ya jua na ozoni. Kunata na kuvimba huashiria mafuta, na shaba pia huozesha mpira. Iliyotunzwa vizuri hukutwa imepakwa poda ya talki na kuhifadhiwa gizani bila kukunjwa. Kasoro hizo hazitengenezeki, kwa hiyo iliyokwisha kunata hainunuliwi hata kwa bei ya kutupa.