Kava la Mlango

Kabla hajagusa bisibisi, fundi wa Itetemia, Tabora, huomba kitambaa. Kipande cha kanga kuukuu kinamtosha. Hukipitisha nyuma ya mkono wa kupandishia kioo, akashika ncha zote mbili, akakisugua huku na huko mpaka klipu ndogo ya waya iliyojificha ndani ichomoke na kumwangukia kiganjani. Huitia kwenye kifuniko cha kopo pamoja na skrubu za kitasa na za kishikio. Ndipo huchukua bapa la mninga, lililochongwa likawa jembamba kama ulimi, akaliingiza kati ya kava la mlango na bati, akitafuta klipu moja baada ya nyingine. Nilimuuliza kwa nini hatumii bisibisi kubandulia. "Bisibisi inakula hadibodi, mwanangu," akanijibu bila kuinua macho. "Ikishaila, klipu itashika nini?"

Gari lililokuwa mbele yake lilikuwa Corolla DX ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mali ya mwalimu mstaafu aliyekaa kwenye benchi chini ya mwembe na kuisimamia kazi kwa macho tu. Walikuwa wamekwisha kusalimiana, mwangaluka ya asubuhi na habari za nyumbani, na baada ya hapo hakuna aliyemharakisha mwenzake. Bei hawakuitaja. Nadhani walijuana miaka mingi.

Kava lilipotoka, tuliona kilichokuwa kikitendeka nyuma yake. Wanaokaa mijini hudhani mlango wa gari hauingizi maji. Huingiza. Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya kioo, hupita kwenye mpira, huingia tumboni mwa mlango na kutokea kwenye matundu madogo ya chini. Ndivyo ulivyoundwa. Ila barabara zetu zina vumbi, na vumbi la Tabora ni jepesi, hupenya popote. Kiangazi chote hujaa ndani ya mlango; mvua za Novemba zikianza hugeuka tope, tope huziba matundu, na maji yakikosa pa kutokea hurudi kwenye hadibodi. Ile nailoni ya kukinga kava, ambayo kiwandani ilibandikwa kwa uangalifu, fundi fulani wa zamani alikwisha kuichana na kuitupa alipokuwa akitengeneza kitasa. Hadibodi ya mwalimu ilikuwa imevimba chini na kufunguka tabaka tabaka. Matundu manne ya klipu yalikuwa yamekatika kabisa. Jua nalo lilikuwa limeivuta rekisini ikabanduka pembeni.

Kazi aliyoifanya baada ya hapo ningependa kila mwenye gari aione. Kwanza aliyazibua matundu ya mlango kwa waya, akamimina maji juu ya kioo, akainama kuhakikisha yanatoka. Kisha akaliweka kava kivulini, katikati ya mbao mbili na mawe juu yake, likauke huku limenyooka. Kesho yake akachanganya gundi ya mbao na vumbi laini la msumeno, akajaza palipooza, akapiga msasa. Penye matundu yaliyokatika alikata vipande vya bati la kopo, akatoboa kila kimoja tundu la klipu, akakunja kingo zisichane kitu, akavigandisha kwa nyuma. Rekisini iliyosinyaa aliilainisha kwa kitambaa cha maji ya moto na kuivuta kidogo kidogo, akiiomba irudi, hadi ikafika ukingoni.

Mwisho akayeyusha nta. Nta ya nyuki, ya huku huku, yenye harufu ya mizinga. Akaipaka ya moto kwenye ukingo wote wa chini wa hadibodi, nyuma na mbele, ikanywa mpaka ikashiba. Uzi wa kushonea mfuko wa kava nao aliupitisha kwenye donge la nta hiyo hiyo ili usioze. Nilifurahi kuliona hilo kuliko nilivyotazamia. Nta ya Unyamwezi imesafirishwa nje ya nchi tangu enzi za Wajerumani, na leo wengi tunaijua kama mzigo wa kupimwa kwenye mizani na kuuzwa. Hapa ilikuwa inalinda mlango wa mzee mmoja dhidi ya mvua za Tabora.

Marehemu baba yangu alikuwa na Peugeot 404. Vijana wa leo hawaijui, lakini kwa wakati wetu hilo lilikuwa gari la heshima: Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, na watoto wa mitaa yetu tulibishana nani awe Shankland tulipocheza na matairi ya baiskeli. Mlango wa nyuma kushoto ndio uliokuwa wangu. Kava lake liliwahi kupasuliwa na pembe ya sanduku la bati la shule, mpasuko wa kiasi cha kiganja. Baba alilipeleka kwa fundi viti mmoja mjini, likarudi zima. Nilipitisha kidole pale kila safari, Tabora hadi Nzega na kurudi, nikiutafuta mshono. Sikuuona. Niliusikia tu kwa ncha ya kidole, kijinundu kidogo kilichojificha ndani ya mkunjo uliokuwapo tangu kiwandani.

Miaka mingi baadaye gari lile lilipovunjwa, nililiona kava kwa nyuma. Kulikuwa na kiraka cha turubai, kimeshonwa mishono midogo iliyolingana, na kando yake maandishi ya penseli: "nyuma kush." Hakuna aliyetarajiwa kuuona upande huo. Fundi aliufanya hivyo kwa sababu kava lilikuwa mikononi mwake. Nililichukua lile kava, ninalo mpaka sasa, na sijui heshima nyingine ambayo ningeweza kumpa mtu ambaye hata jina lake sikuwahi kuambiwa.

Mafundi wa aina hiyo walinolewa na uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu na spea ikawa ndoto. Kava likivunjika, lilitengenezwa au ulikaa ukitazama bati tupu. Sisifu dhiki ile, iliwaumiza watu. Lakini ilifundisha mikono kitu ambacho wingi wa leo umekisahaulisha. Na sehemu hizi zimeijua thamani ya mlango kabla ya magari. Mwendo mfupi kutoka Itetemia, huko Kwihara, tembe ambamo mpelelezi Livingstone aliwangoja wapagazi hadi Agosti 25, 1872, lina milango ya mbao ya nakshi, na mgeni hutazama nakshi hizo kabla ya kutazama kitu kingine.

Gari langu mwenyewe lilipopata tatizo kama la mwalimu, kijana wa gereji moja alilimaliza kwa dakika chache: skrubu sita za kuezekea bati, zimepigwa katikati ya rekisini, vichwa vinang'aa. Aliniambia limekaza. Kweli lilikaza. Mvua iliyofuata hadibodi ikaoza kuzunguka kila skrubu. Huo ndio utengenezaji tunaolipia siku hizi, na tunaukubali bila neno. Makava ya plastiki ya magari yanayotoka Japani yakipata ufa, hutupwa, na lingine lililotumika huagizwa Kariakoo. Mzee wa Itetemia huuziba ufa ule kwa kuupasha moto wavu mwembamba wa waya na kuuzamisha ndani ya plastiki, kwa nyuma. Huchukua asubuhi nzima. Wateja huuliza bei, husikia ni asubuhi nzima, huondoka.

Alikuwa na wanafunzi wawili. Mmoja sasa anaendesha bodaboda, mwingine yuko Mwanza, anauza simu. Simlaumu hata mmoja wao, kwa maana sisi wenye magari ndio tuliowaonyesha kwamba kazi hii haina mnunuzi. Tabora ina chuo cha VETA chenye vijana wanaojifunza ufundi wa magari, na kutoka mjini hadi kwa mzee huyu si mbali. Mwalimu wao mmoja angewaleta hapa, wakae kwenye lile benchi kuanzia kitambaa cha kanga hadi nta, mzee angali anaona vizuri kutunga uzi sindanoni.