Akhwari Hakuishia Mexico

Kipande chenyewe ni kifupi. Ni jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, giza limeshaingia na washindi wa marathoni wameshavikwa medali zao. Mtu mmoja anaingia uwanjani akichechemea, bandeji ya mguuni imelegea. Watu wachache waliobaki majukwaani wanaanza kupiga makofi. Anajikongoja mpaka anavuka mstari, na kipande kinakatika hapo. Huyo ni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Kama umesoma Tanzania na una simu, huenda umeshakiona: hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp Jumatatu asubuhi, huoneshwa kwenye semina za ujasiriamali, na wageni rasmi wa mahafali hupenda kukisimulia.

Mimi nimekitazama mara nyingi kuliko filamu yoyote, na si kwa kupenda. Nilikuwa natumiwa. Nilikuwa narudi kwenye mazoezi ya marathoni baada ya miezi sita ya dawa za kifua kikuu, na kila aliyenitakia heri aliona Akhwari ndiye jibu. Kwa hiyo nimeamua kukihakiki kama ninavyohakiki hadithi: kinasema nini, kinakata wapi, na kinamfanyia nini mtu anayekitazama akiwa na kovu kwenye pafu.

Sifa zake kwanza. Nguvu ya kipande hiki ni kwamba hakina ushindi wa kutuonesha, na kamera haijaribu kuubuni. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari alimaliza kwa 3:25:27, saa moja na dakika tano baadaye, wa 57 na wa mwisho kati ya waliofika. Mji uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, misuli ilimbana, na karibu na kilomita ya 19 aligongana na wenzake akaanguka, goti likateguka na bega likagonga lami. Ukiondoa hayo yote, bado sura yake inatosha. Haombi kuhurumiwa. Sijui waigizaji wangapi wangeweza kufanya hivyo mbele ya kamera.

Udhaifu unaanza na maneno tuliyoyabandika juu ya picha. Inasimuliwa kuwa alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Hilo ni toleo la maili 5,000. Lipo na la maili 10,000, na ramani inaelekea kuliunga mkono hilo la pili. Simlaumu mtu, methali hazipimwi kwa rula. Ila tofauti hiyo inaonesha kuwa tulishatoka kwenye ushahidi zamani, tuko kwenye mapokeo, na mapokeo huchagua cha kukumbuka.

Tena jibu hilo huzunguka duniani kwa Kiingereza, sisi tunalirudisha nyumbani kwa kutafsiri. Tukifika kwenye kitenzi tunashika kitu chenye makali pande mbili. Mtu humaliza shule, humaliza mbio, humaliza dozi. Lakini ugonjwa nao humaliza mtu. "Amekwisha yule" husemwa kwa mtu aliye hai, anayejipitia zake barabarani na mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya.

Nimesemwa hivyo, hapa Lusahunga. Ni mji wa njiani, wilayani Biharamulo, ambako malori ya Rwanda na Burundi hupita mchana na usiku. Kutoka hapa hadi Rusumo ni kilomita 92, na sehemu kubwa ya safari ni pori. Wapo madereva wanaokumbuka enzi ambazo magari yalivuka pori hilo yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Mji wa namna hii unaishi kwa wapita njia: nyumba za wageni, mama ntilie, mafundi wa matairi. Wageni wakiwa wengi, umbea nao hupata ajira. Mtu akikonda, ugonjwa wake hutajwa kabla hajafika zahanati, na kwa kawaida hutajwa mmoja tu. Isitoshe ulikuwa mwaka 2025. Tarehe 20 Januari serikali ilikuwa imetangaza Marburg wilayani kwetu, ikaja kutangaza mwisho wake 13 Machi, na mimi nilianza kukohoa katikati ya hofu hiyo.

Haikuwa Marburg, na haikuwa kile walichokitaja. Kilikuwa kifua kikuu. Dawa ni bure, lakini zina masharti: miezi miwili ya dawa nne ndani ya kidonge kimoja cha mseto, kisha miezi minne ya dawa mbili, kila siku bila kuruka. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, jambo ambalo unaambiwa mapema na bado linakushtua. Msimamizi wangu wa dawa alikuwa mama mwenye nyumba, Msubi wa hapahapa, ambaye alisimama mlangoni kila asubuhi mikono kiunoni. "Mwanangu, umekula? Haya, meza nikuone." Hakuna aliyepiga makofi siku 180 hizo. Hata mimi sikuona kuwa zinafaa kwa filamu.

Ndiyo maana kipande cha Akhwari kilianza kunikera. Kinafundisha kusoma mwili kwa namna moja: maumivu ni mpinzani, na mpinzani hushindwa kwa kuendelea. Kwa mtu aliyeanguka kilomita ya 19 hilo linaweza kuwa kweli kwa saa mbili. Kwa mtu anayerudi kutoka kitandani maumivu ni kitu kingine kabisa, ni taarifa. Daktari aliyenitazamia eksirei alinionesha kovu upande wa kulia akasema vijidudu vimekwisha, kovu halijaondoka. Pumzi inaweza isirudi yote, na kifua kikibana nisimame. Hakusema nijikaze. Nikarudi nyumbani nikakuta video imeingia tena kwenye simu.

Uhakiki wa haki lazima uangalie pia kilichoachwa nje ya fremu, na marathoni ile ya Mexico imeacha mengi nje. Wapo wengi walioanza na hawakufika kabisa, na mmoja wao alikuwa Abebe Bikila. Huyu ndiye aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu, akashinda tena Tokyo mwaka 1964, wiki tano hivi baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Hakuna aliyekuwa na sababu zaidi yake ya kung'ang'ania. Mexico alikuja na jeraha la mguu, akakimbia kilomita kama 17, akatoka barabarani. Yaani alisimama kilomita mbili tu kabla ya pale alipoangukia Akhwari. Barabara ileile, saa ileile, Waafrika Mashariki wawili wanafanya maamuzi mawili tofauti kuhusu mguu ulioumia, na sisi tumebaki na moja. Mbio za Tokyo tunazisimulia kwa sababu alishinda. Zile kilomita 17 hatuzisimulii, na hakuna mgeni rasmi anayewaambia wanafunzi wawe kama Bikila wa 1968.

Siku hiyohiyo, uwanjani, Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mita 1,500 huku nyongo ikimsumbua, baada ya kuwa ameanguka kwa maumivu katika mita 10,000 siku chache kabla. Naipenda mbio ile. Lakini tunaisoma tukitokea mwisho wake, na medali ndiyo inayogeuza ukaidi kwa madaktari ukaonekana ujasiri. Asingeinuka, tungeisimulia kwa sauti nyingine.

Mwaka huohuo wa 1968 ilichapishwa ripoti ambayo ningependa nayo itumwe kwenye makundi ya Jumatatu. Huko Dallas, Marekani, mwaka 1966, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wa miaka 20 kwa wiki tatu. Hawakuwa wagonjwa, walilala tu. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulishuka kwa takribani robo. Kisha wakafanyishwa mazoezi kwa miezi miwili, ukarudi. Miaka 30 baadaye watano hao walipimwa tena, ikaonekana kuwa hata miaka yote hiyo haikuwa imewashusha kama zile wiki tatu. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Ilinieleza kwa nini ngazi za stafu zilikuwa zimegeuka mlima, na ilinieleza bila kunitaka niwe shujaa. Mwili uliolala hushuka, ukipandishwa taratibu hupanda. Hata hivyo wale vijana walikuwa na mapafu mazima, kwa hiyo ile miezi yao miwili siidai iwe yangu.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, kipande kinamfanyia Akhwari mwenyewe. Kinamwacha Mexico. Wengi tunaomjua tunadhani alikuwa mkimbiaji wa mwisho kwa taaluma. Julai 1970 alikuwa Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, marathoni, akamaliza wa tano kwa saa 2:15:05. Mshindi alikuwa Ron Hill wa Uingereza, kwa 2:09:28. Piga hesabu: ni dakika 70 pungufu ya muda wa Mexico, na ni muda ambao ungemshindisha Mexico, ingawa miinuko hailingani na ulinganisho huo ni wa kishabiki. Kati ya usiku ule na Edinburgh ipo miezi 21. Ndani yake goti lilipona, mtu akaanza tena kukimbia, akajifunza upya mguu upi wa kuuamini. Hiyo ndiyo hadithi niliyoihitaji nikiwa nameza vidonge, na haina hata sekunde moja ya filamu inayonifikia kwenye simu.

Mtu atasema nyakati zimebadilika, sasa tuna Alphonce Simbu. Kweli. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, alichukua dhahabu ya dunia kwa saa 2:09:48, akimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa wiki ileile niliyomaliza dozi. Nilirukaruka chumbani kama mtoto mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Lakini kipande cha Simbu nacho ni cha mita za mwisho, na baada ya wiki mbili makundi yalirudi kwa Akhwari, kwa sababu Simbu hawezi kutumiwa kumwambia mgonjwa ajikaze.

Mazoezi yangu ninayapima kwa nguzo za umeme kandokando ya barabara ya kuelekea Nyakahura. Nilianza na nguzo tatu za kukimbia na mbili za kutembea. Mbio za Moshi za mwisho wa Februari nimeziacha zipite. Ada ningeipata, pumzi sina. Jioni malori yakipita huacha vumbi na moshi, hivyo hutoka alfajiri, wakati utingo wanakaguakagua matairi. Wananisalimia. Mmoja aliwahi kuniuliza ninamkimbia nani.

Juzi nilifika nguzo ya kumi na nne nikihesabu hatua, kifua kikabana upande wa kulia, palepale lilipo kovu. Nikasimama. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anatoka kupeleka abiria akapunguza mwendo.

"Ticha, pole na mbio. Panda nikusogeze."

Nikapanda. Kwenye daftari la mazoezi nimeandika: nguzo 14, kisha bodaboda, shilingi elfu moja.