Tofauti ya Siku Saba

Katika karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya boksi la krimu, mwaka 1998, nilisoma sentensi ambayo sijaisahau hadi leo: "Utaona tofauti ndani ya siku saba." Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na kusahihisha insha zisizo na idadi, hivyo najua kwamba sentensi fupi yaweza kuficha mambo mengi. Naomba niihakiki sentensi hii, msomaji wangu. Kosa la sarufi haina. Naihakiki kwa sababu ilisema kweli, na kweli hiyo ikatuumiza.

Krimu ilikuwa ya mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko nyumbani Tanga akingoja kwenda chuo, na uso wake ulikuwa umetoka chunusi. Aliinunua dukani bila kuandikiwa na daktari yeyote. Siku ya nne chunusi zilikuwa zimekauka. Siku ya saba uso ulikuwa laini kama wa mtoto, na rangi imefunguka. Majirani wakamwambia amenawiri. Nami, mwalimu mzima, nikamshika kidevu nikasema, "Mdogo wangu, krimu hii imekukubali."

Tuanze na neno "tofauti". Neno hilo halisemi tofauti ya kwenda wapi. Mtu aliyepona ana tofauti, na aliyeungua naye ana tofauti. Krimu ile, kama tulivyokuja kuambiwa baadaye, ilikuwa na steroidi kali. Dawa hiyo hubana mishipa midogo ya damu na kutuliza uvimbe, ndiyo maana chunusi hunywea na ngozi hupauka kwa siku chache tu. Daktari akiiandika kwa muda maalumu, kwa mgonjwa wa pumu ya ngozi kwa mfano, ni dawa ya maana sana. Ikipakwa usoni kila siku kwa miezi, huifanya ngozi kuwa nyembamba. Ung'avu tuliousifu ulikuwa mwanzo wa wembamba huo. Tuliona sawasawa, ila hatukujua tunachokiona.

Haidrokwinoni nayo ina hadithi ya namna hiyo. Mwanzoni hupunguza weusi kama ilivyoahidiwa. Lakini mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika juu ya watu waliotumia krimu za kujichubua zenye kemikali hiyo, ambao nyuso zao ziliota mabaka meusi mazito, magumu kuondoka. Mtu akiona weusi unarudi huongeza krimu, na krimu humwongezea weusi. Zebaki ni mbaya zaidi, maana huku ngozi ikisifiwa, mafigo yanadhurika bila kioo kuonyesha lolote. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kikomo cha miligramu moja tu ya zebaki kwa kilo ya kipodozi. Hapa Tanzania vipodozi vyenye vitu hivi vitatu vimepigwa marufuku, na bado vinauzwa kwa sababu vinatimiza ahadi ya wiki ya kwanza.

Sasa "siku saba". Chembe za ngozi huzaliwa chini na kupanda juu taratibu hadi kupukutika, na safari hiyo kwa kijana huchukua takribani wiki nne; kwa sisi tuliozeeka huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana daktari wa ngozi akikupa dawa ya chunusi hukuambia ungoje wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kutoa hukumu. Anayekuahidi siku saba anaahidi jambo ambalo ngozi yenyewe haijapata nafasi ya kulifanya.

Aidha, tujiulize siku saba hizo huanza kuhesabiwa lini. Hakuna anayekwenda kununua krimu siku uso wake umetulia. Huenda siku uso umechafuka kupita kawaida, na uso uliochafuka kupita kawaida mara nyingi ungepungua hata ukiachwa na maji matupu. Lakini krimu ipo hapo mezani, basi sifa inakwenda kwa krimu.

Halafu "utaona". Nani ataona, na kwa mwanga gani? Kioo cha chumbani asubuhi na taa ya ukumbi wa harusi havitoi ushahidi mmoja. Jicho nalo husahau. Tunalinganisha uso wa leo na wa jana, na uso wa siku tulipoanza umekwisha kutupotea. Tena mwenye uso hajioni peke yake, huonwa na watu, na katika mji wetu neno "umenawiri" mara nyingi lilikuwa na maana ya "umekuwa mweupe". Hakimu aliyependa rangi fulani tangu awali hawezi kuamua kesi ya afya. Mimi nilikuwa mmoja wa mahakimu hao.

Mwezi wa tano krimu iliadimika madukani, akaacha kupaka. Baada ya siku chache uso ukawa mwekundu, unawaka moto, na vipele vikatoka kuliko vya mwanzo. Aliporudia kupaka, ukatulia siku ya pili. Tukakaa barazani tukakubaliana kwamba sasa tumethibitisha: akiacha anaharibika, akipaka anapona, kwa hiyo dawa inafanya kazi. Tulijiona watu wa sayansi. Nami ndiye niliyempa nauli ya kuifuata krimu hiyo mji mwingine.

Alikwenda hospitali baada ya mwaka na ushei, mashavu yakiwa yameota mishipa myembamba kama nyuzi nyekundu. Nilimsindikiza. Daktari hakuuliza habari ya jana wala ya wiki iliyopita. Aliuliza, "Kabla ya krimu ulikuwaje?" Mdogo wangu akatoa mkobani picha ndogo ya pasipoti, aliyopiga kwa ajili ya fomu za chuo. Daktari akaiweka karibu na shavu lake, nasi tukatazama. Chunusi tatu kidevuni, moja juu ya nyusi. Alikuwa mzima. Mdogo wangu akasema polepole, "Dada, nilikuwa hivi?" Sikuwa na jibu.

Picha ile ndiyo iliyonifundisha kipimo. Ukiacha kupaka na hali ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa kabla hujaanza, hilo si thibitisho kwamba dawa ni nzuri. Ni deni linadaiwa. Swali la haki linalinganisha leo na siku ya kabla, na bila picha ya siku hiyo, iliyopigwa penye mwanga wa kawaida, tunabahatisha. Pia lazima ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Jina "mkorogo" linajieleza: anayekoroga sabuni, losheni na krimu tatu kwa pamoja hatajua kamwe ni ipi iliyomfaa na ipi iliyomuunguza. Bibi yetu, aliyesaga liwa kwenye jiwe, alikuwa akipaka kitu kigeni kwanza ndani ya mkono, kisha anangoja siku kadhaa. Hakusoma vitabu, lakini alijua kungoja.

Kuna kipimo kingine kinachopingana kabisa na sentensi ya boksi. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, hutengenezwa krimu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Anayeipaka vizuri, akavaa kofia na mikono mirefu, haoni tofauti yoyote siku ya saba. Haoni tofauti mwaka wa saba pia, akijaliwa. Na hilo ndilo linalotakiwa, maana tofauti ambayo ingeonekana ni vidonda vya jua na saratani. Krimu kama hiyo haiwezi kujisifu kwenye karatasi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; katika habari za ngozi naona hata hicho kizuri kinahitaji mtu wa kukisemea.

Mdogo wangu alitulia baada ya zaidi ya mwaka, chini ya uangalizi wa daktari. Nyuzi za mashavuni hazikuondoka zote. Hajawahi kunilaumu, na mimi sijawahi tena kumwambia mtu kwamba amenawiri kabla sijajua anapaka nini.

Mwaka jana binti yake alinijia na kopo jipya, uso unang'aa. "Mama mkubwa," akaniuliza, "yamenikubali?" Nilisoma maandishi ya kopo mbele na nyuma, viambato havikuandikwa. Nikamwambia aache kupaka kwanza, anitafutie picha yake ya mwezi wa nyuma, na kesho twende sote kwa daktari na kopo lenyewe. Alinuna kidogo. Kisha akaenda kuitafuta.